Matatu Ikichelewa: Mwongozo Kamili kwa Anayesafiri Kazini Kila Siku

Wasomaji wanaoingia Kisumu, Kakamega au Nakuru kila asubuhi wananiletea lalamiko lile lile kwa maneno tofauti. Mmoja amekaa ndani ya gari steji ya Maseno mpaka saa ya kazi ikapita. Mwingine ameshushwa Kiboswa, gari likageuza kurudi Kisumu, naye alishalipa nauli ya Kakamega. Wa tatu ameandikiwa barua ya onyo kazini. Wote waliambiwa waamke mapema. Waliamka mapema, na bado wanachelewa.

Kuamka mapema kunakufikisha steji mapema, hakuna zaidi. Shida inaanzia hapo: gari linangoja kujaa na hakuna anayesema litaondoka lini, nauli yako iko mkononi mwa makanga (konda), nawe hujaamua utangoja mpaka saa ngapi. Asiyeamua kabla ya kupanda huamuliwa na gari. Hatua zilizo hapa chini zinakusaidia kuamua mapema, ukiwa nyumbani na akili imetulia, halafu kusimamia uamuzi huo mambo yanapoharibika.

## Unavyohitaji

- Daftari dogo, au ukurasa mmoja kwenye simu wa kuandikia saa.
- Pesa ndogo ndogo: sarafu, noti za shilingi 50 na 100, zinazotosha nauli kamili ya kwenda na kurudi.
- Nauli ya akiba, imekaa mbali na pochi. Iwe inatosha safari moja kwa njia ya pili, ikiwemo boda ya mwendo mfupi.
- Simu yenye chaji na salio la kupiga. Kifurushi cha data pekee hakitoshi, maana kuna sehemu za njia ambako mtandao unakatika.
- Nambari tatu za simu: msimamizi wa steji yako, mwendeshaji boda unayemfahamu, na abiria mwenzako wa kila siku.
- Jina la sacco ya magari unayopanda, yaani chama cha wenye magari hayo, na mahali ofisi yake ilipo.
- Viatu vya kutembelea na mwavuli. Ukivaa viatu visivyokuruhusu kutembea kilomita moja, njia yako ya pili imekufa kabla hujaihitaji.

## Hatua ya 1: Andika saa tatu kila safari

Kwa wiki mbili za kazi, andika saa uliyofika steji, saa gari lilipong'oka, na saa uliposhuka. Fanya hivyo asubuhi na jioni.

Watu wengi hujua jumla tu: "Safari yangu ni saa moja na nusu." Jumla haikusaidii, kwa sababu haikuonyeshi wakati unapotelea wapi. Unaweza kulaumu barabara ya Kisumu–Busia mwaka mzima, kumbe barabara inakuchukua muda ule ule kila siku na steji ndiyo inayobadilika. Ukiona gari linakaa dakika tano Jumanne na dakika thelathini Jumatano, dawa yako iko steji. Ukiona steji ni sawa lakini barabara inapanda na kushuka, dawa ni kubadilisha saa ya kuondoka au njia yenyewe.

Andika pia jambo moja la siku hiyo: mvua, siku ya soko, shule kufungua, msako wa polisi. Anayesafiri kati ya Nakuru na Gilgil atagundua haraka kwamba Ijumaa jioni na mkesha wa sikukuu ni safari tofauti kabisa, maana magari ya kutoka Nairobi hujazana Kikopey na Gilgil. Anayetoka Ahero msimu wa mvua za Machi hadi Mei anajua mto Nyando ukivunja kingo nini hutokea. Siku za maandamano, mzunguko wa Kondele ni kati ya sehemu za kwanza kufungwa. Siku za msako, magari yasiyo na karatasi kamili hujificha, kwa hivyo utakuta steji ina watu wengi na magari machache, hata kama barabara iko wazi.

Usitumie wastani. Wastani unakufikisha kwa wakati nusu ya siku na kukuchelewesha nusu nyingine. Panga nambari zako kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua ya pili kutoka mwisho. Ile mbaya kuliko zote iache, huenda ilikuwa ajali au mafuriko, na huwezi kuishi kila siku kana kwamba kuna mafuriko.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema: "Steji yangu inanila dakika kadhaa, barabara inanila kadhaa."

## Hatua ya 2: Weka saa ya kushuka

Hii ndiyo hatua wasomaji huruka, na ndiyo inayookoa kazi za watu.

Hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tuseme unatoka Maseno na kazi yako Kisumu inaanza saa 2.00 asubuhi. Kutoka unaposhuka hadi mlangoni ni dakika 15 kwa miguu. Basi lazima ushuke saa 1.45. Barabara, kwa ile nambari ya pili kutoka mwisho, inachukua dakika 55. Gari lazima liwe limeng'oka saa 12.50. Steji, kwa hesabu ile ile, inachukua dakika 25. Ufike steji saa 12.25.

Sasa una saa mbili muhimu. Saa 12.25 ni ya kufika. Saa 12.50 ni ya kushuka: gari likiwa bado halijang'oka, unatoka na kwenda njia ya pili, hata kama limebakisha viti viwili.

Wengi hushindwa hapo kwenye "viti viwili". Umeshakaa dakika ishirini na tano, unaona ni hasara kuziacha. Lakini dakika hizo zimekwenda, ukae usikae. Swali la maana ni moja: kuanzia sasa, ni njia ipi itanifikisha mapema? Kwa Maseno, magari yanayotoka Luanda na Busia hupita barabarani yakiwa na nafasi moja moja, na hayo hayangoji kujaa. Aliyeshuka saa 12.50 akavuka kwenda kando ya lami ana nafasi nzuri kuliko anayehesabu viti ndani ya gari lililozima injini.

Weka kengele kwenye simu, kwa saa ya kushuka. Usitegemee kukumbuka, kwa sababu muziki, mazungumzo na usingizi wa asubuhi vitakusahaulisha.

Onyo: usiweke saa ya kushuka kabla hujaijua njia ya pili kwa kuipita mwenyewe. Ipite siku ya mapumziko, ujue gari linasimama wapi na nauli ni ngapi.

## Hatua ya 3: Lisome gari kabla ya kupanda

Manamba, yule anayeita abiria steji, atakwambia "gari ni ya kwenda, mbili tu" hata kama limebakisha viti tisa. Usibishane naye. Zunguka gari, chungulia dirishani, uhesabu mwenyewe. Nissan ya kawaida hubeba abiria 14.

Hesabu viti vitupu, kisha simama kando dakika tano uone wangapi wanaingia. Kama viti vitupu ni tisa na wameingia watatu kwa dakika hizo tano, vilivyobaki ni sita, yaani dakika kama kumi zaidi. Kama hakuna aliyeingia, hakuna hesabu ya kufanya.

Tazama nani ameketi. Kwenye steji nyingi kuna vijana wanaokaa ndani ili gari lionekane linakaribia kujaa. Utawatambua kwa mambo madogo: hawana mzigo wala mkoba, wameketi karibu na mlango, wanaongea na manamba kama wenzake, na abiria halisi akiingia mmoja wao anateremka taratibu akimpisha. Ukiona mtu ameshuka mara moja hivi, anza kumtazama wa pili. Waondoe wote kwenye hesabu yako.

Mtafute dereva. Injini inayonguruma si dalili ya kuondoka, maana huwashwa ili watu wakimbilie. Dereva aliyekaa kwenye usukani amefunga mshipi ni dalili. Kama anakunywa chai kibandani, gari hilo bado.

Uliza pia gari liko nambari ngapi kwenye zamu. Gari la pili kwenye foleni haliwezi kuondoka kabla ya la kwanza, hata likijaa upesi kiasi gani.

Mwisho, keti mahali unapoweza kutoka. Kiti cha nyuma kabisa kinakufunga: saa ya kushuka ikifika itabidi uwaamshe watu sita, na aibu hiyo pekee inatosha kukuzuia. Kaa safu ya mlangoni au ile inayoifuata.

Onyo: gari likishajaa na makanga akaanza kuingiza watu juu ya idadi, au kuweka ubao kati ya viti, lihesabu kama gari litakalochelewa. Ndilo polisi watakalosimamisha, na abiria wote mtakaa kando ya barabara mazungumzo yakiendelea. Hilo ni juu ya hatari ya kubebwa bila mshipi.

## Hatua ya 4: Shika nauli yako

Pesa iliyolipwa mapema ndiyo kamba inayokufunga garini. Ukilipa steji halafu gari likakaa, utaambiwa nauli hairudishwi, nawe utakaa.

Kabla ya kuingia, uliza nauli kwa sauti, wengine wasikie: "Konda, Kakamega ni ngapi leo?" Akijibu mbele ya watu, ni vigumu kubadilisha katikati ya njia mvua ikianza kunyesha.

Usilipe gari likiwa limesimama. Sema tu, kwa upole: "Nitalipa tukianza kutembea." Makanga wengi watakubali. Asiyekubali amekupa habari muhimu kuhusu gari lake, na bado uko mlangoni.

Mlipe makanga, si mwingine. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zile watu wanazoziita sheria za Michuki, zilimtaka dereva avae sare ya buluu na makanga avae ya rangi ya damu ya mzee. Kwenye steji yenye msukumano, mtu wa nguo za kawaida anayekusanya nauli mlangoni anaweza kuwa manamba tu, na gari likiondoka yeye anabaki.

Lipa pesa kamili. Hili nalisisitiza kuliko mengine katika hatua hii. Anayetoa noti ya shilingi 1,000 asubuhi ameacha chenji yake mikononi mwa mtu mwingine, na gari likiharibika hatashuka kwenda njia ya pili. Atabaki kungoja chenji. Nimewaona watu wakikaa kando ya barabara Mbaruk, magari yenye nafasi yakiwapita, kwa sababu ya shilingi mia saba ambazo makanga alisema anatafuta.

Ukilipa kwa M-Pesa, usifute meseji. Ina tarehe, saa na jina la aliyepokea, na hiyo ndiyo risiti yako siku ya kulalamika. Hakikisha nambari unayolipia ndiyo iliyobandikwa garini, si nambari ya kutajiwa kwa mdomo.

## Hatua ya 5: Gari likisimama njiani

Kwanza, jua ni aina gani ya kusimama, kwa sababu kila moja ina muda wake.

Foleni. Ikiwa magari ya upande wenu yanasogea hata kidogo, kaa. Ikiwa hata magari ya upande wa pili hayaji, barabara imefungwa, na kukaa ndani hakusaidii. Waulize waendeshaji boda wanaotoka mbele, wao huona kilichotokea kabla ya yeyote.

Polisi. Mpe dakika kumi. Makanga akirudi na kumwita dereva ashuke na karatasi, jambo hilo litachukua muda mrefu. Anza kupanga kuhama.

Mafuta. Gari kuingia kituo cha mafuta likiwa na abiria ni tabia mbaya lakini ni dakika chache. Kaa, liandike, ulipeleke kwenye malalamiko.

Gari kuharibika. Sikiliza dereva anasema nini na utazame mikono yake. Anayebadilisha gurudumu anajua atamaliza lini. Anayefungua boneti na kupiga simu hajui. Ukiona simu ya tatu imepigwa, gari hilo limekwisha kwa asubuhi hiyo.

Kuuzwa. Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Gari lina abiria wachache, makanga anaona hasara kufika mwisho wa njia, anasimamisha gari jingine na kuwahamishia huko kwa bei ya maelewano. Kama wamelipana, hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba mara nyingine hawakulipana, au wamelipana nusu, na makanga wa pili anaanza kudai nauli upya mkishatembea.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Usishuke. Ukiwa ndani ya gari la kwanza bado una nguvu ya kuzungumza. Ukishashuka, linaondoka.
2. Piga picha ya nambari ya gari na jina la sacco lililoandikwa ubavuni.
3. Hesabuni abiria mlioko na mmoja aseme kwa niaba ya wote. Kama kuna mama mtu mzima au mzee anayeheshimika, mwombeni aseme yeye, maana makanga ambaye angemfokea kijana hatamfokea yeye.
4. Mtake makanga wa gari la pili aje mlangoni akubali mbele yenu.

Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, ingieni tu hiyo gari, tumeshaongea."

"Hatukatai, mwanangu. Lakini mwite konda wake aje hapa."

"Yuko hapo, ameshajua."

"Mwite basi atwambie mwenyewe. Tuko tisa, tumelipa mpaka Kakamega. Akisema sawa, tunashuka saa hii."

Hakuna matusi, hakuna kushikana mashati. Kinachofanya kazi hapo ni idadi na mahali mlipolipia, vikitajwa mbele ya makanga wote wawili.

Akikataa kumwita, ombeni sehemu ya nauli irudishwe kwa safari iliyobaki. Haki ipo: Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Huhitaji kumsomea makanga Katiba barabarani. Mwambie tu unachodai na kiasi chake. Sema "nirudishie shilingi 60 za kutoka hapa hadi Chavakali". Ukidai "pesa yangu" bila kiasi, mazungumzo hayaishi.

Onyo: makanga akianza kufoka au dereva akiwasha gari huku mlango uko wazi, shuka kwa usalama na uache pesa hiyo. Picha unayo. Deni hilo litadaiwa ofisini, kwa Hatua ya 8.

Umefaulu ukiwa umeketi kwenye gari la pili, makanga wake anakusanya nauli, na anakupita bila kukuuliza.

## Hatua ya 6: Wape habari kazini kabla ya saa ya kuanza

Meseji inayotumwa saa 2.20 kuhusu kazi ya saa 2.00 inasomwa kama kisingizio. Ile ile ikitumwa saa 1.25 inasomwa kama taarifa. Kwa hivyo tuma pale tu unapojua, hata kama bado una tumaini la kufika.

Iwe na mambo manne: uko wapi, nini kimetokea, utafika kati ya saa ngapi na saa ngapi, na kazi gani inahitaji mtu kwa sasa. Kwa mfano:

*"Habari za asubuhi, madam. Niko Kiboswa, gari letu limeharibika na tunahamishiwa jingine. Natarajia kufika kati ya saa 2.15 na 2.35. Funguo za stoo ziko kwa mlinzi, na mteja wa saa mbili anaweza kupokewa na dawati la mbele. Nitakujulisha nikipanda."*

Msimamizi hawezi kupanga chochote kwa "niko njiani". Kwa dakika 15 hadi 35 na funguo zilizo kwa mlinzi, anaweza. Taja muda kwa upana, na mwisho wake uwe mbali kidogo kuliko unavyodhani. Anayesema "nusu saa" akafika kwa dakika ishirini anaaminika, na anayesema "dakika kumi" mara tatu hasikilizwi tena.

Usidanganye kuhusu ulipo. Mwenzako wa ofisini huenda yuko gari la nyuma.

Kama kuchelewa kumekuwa kwa mara nyingi, mtafute msimamizi siku ambayo hujachelewa, umwonyeshe daftari lako la Hatua ya 1, na uombe mpango: kuanza nusu saa baadaye na kutoka nusu saa baadaye, au kubadilishana zamu na anayeishi karibu. Saa zilizoandikwa kwa tarehe zina uzito ambao maelezo ya mdomo hayana. Na mambo yakifika kwenye kutishiwa kufutwa kazi, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu. Daftari hilo ndilo utakaloingia nalo.

## Hatua ya 7: Tumia njia ya pili bila kujiweka hatarini

Njia ya pili nzuri mara nyingi ni kutembea hadi mahali magari ya mbali yanapopita. Anayekwenda Kakamega kutoka katikati ya Kisumu anaweza kupandia Kondele au Mamboleo. Anayetoka upande wa Ngata kuingia Nakuru ana magari yanayotoka Salgaa na Molo. Anayetoka Njoro, gari la kwenda Nakuru likikosekana, anaweza kupata lililotoka Molo kwa barabara ya Njoro. Gari la namna hiyo lina kiti kimoja tu, kwa hivyo simama peke yako, mbele kidogo ya kundi.

Boda na tuktuk ni za mwendo mfupi, hadi kwenye barabara kuu au kutoka unaposhuka hadi kazini. Usipande boda kwenye barabara kuu ya Nakuru kati ya malori ya masafa marefu ili kuokoa dakika kumi. Vaa kofia ya kukinga kichwa, na elewaneni bei kabla hujakaa.

Probox, yale magari madogo ya abiria, husaidia sehemu ambazo matatu ni chache, lakini gari la abiria wanne lililobeba wanane liache lipite.

Usimhimize dereva afidie muda uliopotea steji. Kikomo cha gari la abiria ni kilomita 80 kwa saa. Kisumu hadi Kakamega ni kilomita 50 hivi, kwa hivyo hata barabara ikiwa tupu, bila kusimama popote, ni zaidi ya dakika 37. Dereva anayejaribu kurudisha dakika ishirini ndani ya safari hiyo anazichukua kwenye kona na kwenye kupita malori. Nakusihi ufike ukiwa umechelewa.

Jioni, kanuni hubadilika. Usipande gari lenye watu wawili watatu linalokuita kando ya steji gizani, hata likiwa la bei nafuu. Subiri pale penye taa na watu, panda na yule abiria mwenzako wa kila siku, na umtumie mtu wa nyumbani nambari ya gari. Kuchelewa chakula cha jioni si tatizo la kulitatulia hapo.

## Hatua ya 8: Peleka malalamiko yanayoweza kujibiwa

Lalamiko la "magari yenu yanatuchelewesha" halina mtu wa kulijibu. Andika ukurasa mmoja wenye tarehe, saa, nambari ya gari, kilichotokea, ulicholipa na unachotaka. Weka nakala.

Anza na sacco. Kwa kanuni za magari ya abiria za 2014, mwenye gari hufanya kazi chini ya chama au kampuni iliyosajiliwa, kwa hivyo kuna ofisi inayowajibika kwa tabia ya makanga huyo hata kama gari si lake. Nenda mchana, saa ambazo magari yametulia, umuulizie mwenyekiti au msimamizi wa njia.

Nendeni wengi. Abiria watano wa njia moja, kila mmoja na karatasi yake, ni wateja ambao sacco inawajua kwa sura.

Ombeni jambo moja lililo wazi. Ninalopendekeza ni gari moja kila asubuhi linaloondoka saa iliyotajwa, limejaa lisijaa, na ninyi mkiahidi idadi fulani ya abiria wa kila siku. Sacco inapata uhakika wa viti, nanyi mnapata saa. Jambo la pili la kuomba ni kanuni ya kuuzwa: makanga wa kwanza asiondoke kabla makanga wa pili hajakubali mbele ya abiria.

Kama shida ni steji yenyewe, yaani zamu zinavyopangwa, msongamano au manamba, peleka nakala kwa idara ya uchukuzi ya kaunti, kwa sababu Katiba imeiweka kazi ya usafiri wa umma wa barabarani mikononi mwa kaunti. Kama ni usalama, kama kubeba kupita kiasi au mwendo wa kasi, iende kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, ikiwa na picha ya nambari ya gari.

Karatasi ya kwanza ipigwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, na uandike jina lake na tarehe kwenye nakala yako. Wape wiki mbili. Wakikaa kimya, rudini na nakala ile ile na karatasi mpya za wiki hizo mbili zimebanwa nyuma yake, na mpeleke seti ya pili kaunti siku hiyo hiyo.